Kitu kikija na tundu lake

Mafundi wa bati wa Kamukunji, hapa Nairobi, wanaonijua hunicheka. "Fundi gani wewe, kibati tu kutoboa kinakushinda?" Hakinishindi. Drili ninayo. Iko chini ya meza ya cherehani, imeviringishwa kwenye leso kuukuu, na tangu 2019 haijatoka hapo isipokuwa siku jirani alipoiazima atundike pazia. Leo shule zimefungwa, hakuna mzazi wa kunipigia kelele za sare, kwa hivyo nikae nieleze habari ya mikufu yangu, na kwa nini kila ninachokining'iniza lazima kije na tundu lake.

Kwanza mnijue. Mimi ni mshonaji. Kibanda changu kiko Shauri Moyo, kidogo kiasi kwamba wateja wawili wakiingia mmoja lazima akae juu ya gunia la vitambaa. Nashona sare, mabuibui, napunguza suruali za mitumba kiunoni. Mikufu ni ya jioni, cherehani ikishanyamaza. Nilizaliwa Majengo, Pumwani, kwenye nyumba ya Bibi ya udongo na mabati, na kutoka mlangoni kwetu hadi soko la Gikomba ni mwendo wa kumaliza mahamri mawili. Wanaosema Nairobi haina Waswahili hawajawahi kuja kwetu wakati wa Maulidi.

Bibi alipofariki, wajomba waligawana vyumba, mama akachukua masufuria, mimi nikapewa kopo la vifungo. Kopo la biskuti, la mviringo, kifuniko kimepinda hata lazima ukifungue kwa kijiko. Binamu zangu walinionea huruma. Walidhani nimepunjwa.

Ndani mlikuwa na vifungo vya kombe la baharini vinavyong'aa kama maziwa yenye mafuta juu, subana mbili, funguo tatu zilizopoteza makufuli yake, pete za pazia, senti za zamani, na chini kabisa, ndani ya soksi ya mtoto, vifungo sita vya shaba vyenye herufi E.A.R.&H., yaani East African Railways and Harbours. Hivyo vilikuwa vya Babu. Alifanya kazi ya kupanga mizigo stesheni wakati reli ya Kenya, Uganda na Tanganyika ilikuwa shirika moja, lililoundwa 1948. Koti lenyewe liliisha zamani. Bibi alikata vifungo akaviweka, kwa sababu kwake kifungo hakitupwi, hata cha shati la adui.

Vifungo vya aina hiyo havina matundu usoni. Nyuma vina kitanzi kidogo cha shaba kilichounganishwa, cha kupitishia uzi. Nilivipanga sita mezani, nikavipitishia uzi mweusi, nikaweka kombe mbili ndogo kati ya kila kimoja, nikavaa kwenye harusi ya binamu yule yule aliyenionea huruma. Watu watatu waliniuliza nimenunua wapi. Mmoja alitaka kununua pale pale shingoni. Nilikataa, na usiku huo nikaanza kufikiria mambo ambayo mpaka leo hayajanitoka.

Kosa la kwanza nililofanya ni lile lile la kila mtu. Nilidhani kazi ni kutoboa. Nikanunua drili ndogo ya mkono, nikatoboa kila kitu: vijiko, vifuniko vya soda, sarafu za shilingi, vipande vya vigae, hata kete ya dhumna. Kwa miaka kama miwili nilikuwa natoboa tu. Vingi vilitoka vizuri, nisidanganye. Lakini vilikuwa na sura moja: kitu kilichokamatwa kikachomwa sindano.

Halafu akaja mama mmoja na saa ya marehemu baba yake. Saa ya mkononi ya kutia ufunguo, imekufa siku nyingi, mkanda umeoza. Alitaka uso wake tu, ule mweupe wenye nambari, uwe mkufu. Fundi wa saa alikuwa ameshautoa akaufunga kwenye karatasi ya sigara. Nikauweka kwenye kibao, nikatia tone la mafuta, nikaanza juu ya nambari kumi na mbili, taratibu kabisa.

Sikujua wakati huo kwamba nyuso nyeupe za zamani namna ile ni enameli, yaani unga wa kioo ulioyeyushwa juu ya bati jembamba la shaba. Ukitoboa shaba unatoboa kioo. Nilisikia sauti ndogo, kama mtu kavunja njugu kwa jino. Ufa ukatoka kwenye kumi na mbili ukashuka mpaka saba, kisha vigae vikaanza kubanduka, nambari moja moja, zikabaki mezani kama makucha yaliyokatwa.

Yule mama hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alikunjua leso yake, akaokota kila kipande kwa ncha ya kidole kilicholowa mate, akaifunga fundo, akaondoka. Nilimrudishia malipo yake, lakini malipo ya nini? Siku hiyo drili iliingia chini ya meza.

Tangu hapo nina njia tatu tu. Ya kwanza, kitu chenye tundu lake: ufunguo, kifungo, washa ya bomba, gia ya saa, pete ya pazia, sarafu ya zamani. Ya pili, kitu kisicho na tundu lakini kinashikika: kukizungushia waya wa shaba mara mbili au tatu kisha kuumaliza juu kwa kitanzi. Waya ukiuvuta sana unajikata, ukiulegeza kitu kinateleza siku ya kwanza kwenye matatu. Ya tatu ni kukisukia wavu wa uzi, kama wavu wa samaki mdogo sana, kikakaa ndani kama yai. Hii inachukua jioni nzima na macho yangu hayaipendi. Kitu kisichokubali hata moja kati ya hizo tatu narudisha kwenye kopo. Labda hakitaki kuvaliwa.

Vitu navipata wapi? Gikomba kwanza. Siku ya kufunguliwa marobota, wenye maduka wanakimbilia kamera, yaani nguo za kwanza kwanza zisizo na doa. Mimi nakaa nikingoja mwisho, ile rundo ya "chagua shilingi ishirini", makoti yaliyochanika ambayo hakuna anayeyataka. Hayo ndiyo yenye vifungo. Wauzaji wameshanizoea. "Auntie wa vifungo amekuja, mwekeeni makoti mabovu." Nanunua koti, nakata vifungo palepale, namrudishia koti auzie mafundi wa kutengeneza matambara ya gereji. Kila mtu amefurahi.

Vifungo vizito vya rangi ya asali au ya damu ya mzee, vinavyogonga mezani kwa sauti nene, huwa nahisi ni Bakelite, plastiki ya mwanzo mwanzo. Kisugue kwa kidole gumba mpaka kipate moto, kisha nusa haraka. Kikiwa ndicho, kinatoa harufu kali ya dawa, kama chumba cha hospitali kilichotoka kudekiwa. Plastiki ya sasa hainuki hivyo. Mume wangu akinikuta nanusa vifungo usiku hutoka tena nje.

Kisha kuna mzee wa vyuma vikuukuu nyuma ya Kamukunji. Kwake napata makufuli, mifereji ya shaba, vitasa, funguo kwa kilo. Huwa naenda na sumaku: kikinata, si shaba, ni chuma kilichopakwa rangi, na kitamwachia mteja alama shingoni. Mafundi wa Kibera wanaoyeyusha makufuli na mifereji kuwa shanga za shaba wananunua kwake pia, kwa hivyo lazima niwahi kabla ufunguo mzuri haujaingia kwenye chungu cha moto. Januari 2022 serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu, baada ya milingoti ya umeme kuhujumiwa, mzee alikaa zaidi ya miezi mitatu akiuza maji ya chupa. Iliporuhusiwa tena Mei, alikuwa amekonda. Lakini niwaambie ukweli kama nilivyomwambia yeye: waya mpya wa shaba unaong'aa, uliokatwa vibaya ncha, sinunui, hata kwa bei ya bure. Huo una mwenyewe, na mwenyewe anakaa gizani mahali.

Na kuna jambo la mifupa. Muuzaji mmoja aliwahi kunitolea bangili nyeupe kutoka kwenye soksi, akanong'ona ni mfupa wa zamani. Kwa kioo cha kukuza, mfupa wa ng'ombe una vitundu vidogo vidogo vyeusi, kama umenyunyiziwa vumbi la kahawa, maana ndimo mishipa ya damu ilipopita. Bangili ile haikuwa na vitundu. Kwenye ukingo ilikuwa na mistari inayokatizana, kama wavu uliochorwa kwa penseli. Pembe ya ndovu. Nilimrudishia nikaondoka nikijifuta mikono kwenye sketi. Nchi hii imechoma pembe hadharani mara kadhaa, tani 12 mwaka 1989 na tani 105 mwaka 2016, mara hizo mbili kwenye Mbuga ya Nairobi, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haikuulizi kama bangili ilikuwa ya nyanya yako. Kama nyumbani mnayo moja kabatini, mimi msiniletee.

Sasa nije kwenye ndururu.

Watu wa umri wangu tunasema "sina hata ndururu" bila kuishika ndururu yenyewe. Ilikuwa senti tano. Zile za Afrika Mashariki ya kikoloni, kabla Kenya haijatoa sarafu zake 1966, zilikuwa za shaba nyekundu na tundu katikati, duara safi. Upande mmoja pembe mbili za ndovu zimelikumbatia tundu, na maneno East Africa na mwaka. Upande wa pili taji, thamani, na jina la mfalme wa Uingereza kwa Kilatini. Wazee wa Majengo walinambia watu walizitunga kwenye kamba, wakazifunga kiunoni au shingoni, maana si kila nguo ilikuwa na mfuko. Kwa hiyo ile sarafu ilishakuwa mkufu kabla mimi sijazaliwa.

Kwenye kopo la Bibi mlikuwa na kumi na moja. Kumi zilikuwa za George, wa Tano na wa Sita. Moja nilipoisugua kwa kidole niliona EDWARDVS VIII, yaani Edward wa Nane, mwaka 1936. Huyu ndiye mfalme aliyeingia Januari na kujiuzulu Desemba mwaka huo huo, kwa sababu ya mwanamke aliyetaka kumwoa. Kule kwao hakupata kuzoeleka kwenye sarafu, maana sura yake ilikuwa bado haijamaliza kutayarishwa. Lakini sarafu zetu zilikuwa na tundu mahali pa sura! Hazikuhitaji uso wa mtu, zilihitaji jina tu. Kwa hivyo mtu wa Pumwani alinunua kibaba cha chumvi kwa jina la mfalme ambaye London yenyewe hawakumshika mkononi. Nilicheka peke yangu kibandani mpaka mwenye kinyozi akachungulia.

Si sarafu adimu, msije mkanivamia. Zilitengenezwa nyingi. Kwenye soko la Kariokor unaweza kuipata kwa bei ya chai na chapati mbili. Lakini ile ya Bibi ina kitu zaidi: tundu lake si duara tena. Upande mmoja limelika, limekuwa refu kidogo kama tundu la ufunguo, na ukingo wa hapo ni laini kama mdomo wa kikombe. Uzi ndio unaofanya hivyo. Uzi, jasho, na miaka. Mtu aliibeba sarafu hii imening'inia muda mrefu mpaka uzi ukaila shaba. Sijui alikuwa nani na Bibi hakusema. Tangu niione, kila kitu cha kale kinachokuja mezani kwangu nakiangalia kwanza tundu lake.

Mkufu wake nilitengeneza hivi. Uzi ni ule wa nta wa washona viatu wa Kariokor. (Jina la soko lile ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu vya Kwanza, likatafunwa na ndimi zetu mpaka likawa letu.) Ulikuwa mweusi, urefu wa sentimita 150, nikaukunja katikati. Ncha iliyokunjwa unaipitisha tunduni kutoka nyuma, inatokeza mbele kama kitanzi, kisha zile ncha mbili huru unaziingiza ndani ya kitanzi na kuvuta. Fundo linakaa juu ya tundu kama mtu aliyekunja nne, na sarafu inatazama mbele daima. Ukipitisha uzi tu bila fundo hilo, sarafu itakugeuzia ubavu kutwa. Bibi alikuwa na usemi wake juu ya vidani vya namna hiyo: vinazunguka kama mtoto asiyetaka kulala.

Juu ya sarafu niliweka shanga mbili za shaba za Kibera kila upande, fundo, kitufe cha kombe, fundo, halafu uzi mtupu mpaka nyuma. Fundo kati ya kila kitu si urembo. Uzi ukikatika kwenye ngazi za jengo unapoteza kimoja, si vyote. Sikuweka ndoano wala kifungo cha nyuma, kwa sababu kuanzia sentimita 70 hivi mkufu unapita kichwani, hata kichwa chenye kilemba kidogo. Sarafu sikuisafisha. Vifungo vya shaba naviloweka kwenye ukwaju robo saa, nasugua kwa brashi ya meno, nasuuza, napaka nta ya nyuki visiache kijani kwenye kola nyeupe. Lakini sarafu ya aina hii ukiing'arisha unaiondolea rangi iliyochukua maisha ya watu watatu, ibaki kama imetoka kiwandani jana. Nimeona zilizosuguliwa kwa majivu. Zinatia huruma, kama mzee aliyepakwa rangi nyeusi ya nywele mpaka kwenye paji la uso.

Mkufu huo siuuzi. Nimeuvaa sasa hivi ninapoandika.

Ninaouza ni mingine, mitatu au minne kwa mwezi, na malalamiko ni yale yale. "Dada, nitengenezee kama ule wa rafiki yangu." Hauwezekani. Ufunguo ule ulikuwa mmoja, kufuli lake liko huko duniani. Wengine hukasirika, wanadhani naringa. Mmoja aliniambia Maasai Market zimejaa mikufu inayofanana na hakuna anayelalamika, na ni kweli, na ile mikufu ni mizuri na walioitengeneza wana watoto wa kusomesha. Mimi nina cherehani ya kunilisha, ndiyo maana naweza kuwa mkaidi. Ningelitegemea mikufu kula, drili ingekuwa juu ya meza.

Kanuni yangu ilinitosha mpaka Agosti mwaka jana.

Alikuja bwana mmoja wa makamo, suti safi, viatu vimepigwa rangi, ameelekezwa na shemeji yake. Binti yake alikuwa anakaribia ruracio, sherehe ya mahari ya Wakikuyu, na yeye alitaka kuvaa kitu cha asili siku hiyo, si shanga za kukodi. Akatoa kwenye mfuko wa koti kijaluba cha bati, chembamba, kikubwa kidogo kuliko kiberiti, juu kina vitanzi viwili. Alikuwa na furaha ya mtu aliyegundua hazina. "Ni cha babu yangu mzaa mama. Kipande."

Sisi hata leo kitambulisho tunakiita kipande bila kufikiri. Kile cha mwanzo kilitokana na sheria ya 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu vya Kwanza: kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu abebe karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, na bila sahihi ya mwajiri huyo hawezi kuacha kazi. Karatasi iliwekwa kwenye kijaluba, kijaluba kikavaliwa shingoni. Harry Thuku alipinga mambo hayo akakamatwa Machi 1922, na watu waliokuja kudai aachiliwe wakapigwa risasi hapa hapa mjini. Nilisoma hayo shuleni kama kila mtu. Kukishika ni habari nyingine. Ni chepesi kuliko unavyodhani.

Kwa kanuni yangu, kazi rahisi kuliko hiyo haijawahi kuja. Kina tundu lake. Kina mawili. Kilitengenezwa kiwe cha shingoni na si kitu kingine. Nilikata uzi, sentimita 75, nikaupima kifuani mwake, nikapitisha kitanzi cha kwanza. Hapo nikaona. Vitanzi vyote viwili vilikuwa vimelika upande wa ndani, laini, kama ile ndururu.

Nikauliza, "Mama yako yuko?"

"Yuko, yuko Githunguri."

"Anajua umekileta huku?"

Akatazama viatu vyake. "Mathe hana neno."

Nikamwambia aje naye, kisha tutamalizia. Hakupenda. Nilijua nimempoteza mteja, na shemeji yake labda. Lakini Jumamosi walikuja wote wawili, bwana na mama yake, shosho ana kitambaa kichwani na koti la sufu juani, akakaa juu ya gunia la vitambaa kana kwamba ni kiti chake. Nilimsalimu kwa Kikuyu changu cha sokoni, akanijibu kwa Kiswahili ili asinitese.

Nikamwekea kijaluba kiganjani, uzi bado umo kwenye kitanzi kimoja. Aliutazama uzi muda.

"Watu wa kwetu walikiita mbugi," akasema. "Unajua mbugi? Kengele ya mbuzi." Kisha akamgeukia mwanawe. "Baba yangu alikitoa shingoni. Wewe ndiye unakirudisha?"

"Ni kumbukumbu, mathe."

"Kumbukumbu iweke kwa meza."

Hakuna aliyesema kitu. Nje kinyozi alikuwa anawasha mashine. Shosho akatoa uzi wangu mwenyewe, kwa kucha, polepole, akanirudishia. Akasema yeye hakumwona baba yake akikivaa, alikuwa hajapata akili. Alichokijua ni kwamba mama yake alitupa karatasi motoni, akakiosha, akatia sindano zake humo, na yeye amekijua maisha yake yote kama nyumba ya sindano. Alikuwa anakitafuta tangu Pasaka. Alidhani wajukuu wamekitupa.

Mwanawe alicheka kwanza, halafu sisi sote. Shosho akaniuliza kama ninayo sindano ya kuuza. Nikasema sindano ninazo kuliko unga. Akataka nene. "Hizi za siku hizi tundu halionekani."

Nilimchagulia tano za kushonea mablanketi, zenye jicho refu. Alizitia moja moja, akafunga, akakitikisa karibu na sikio, akakitumbukiza kwenye kiondo. Kisha akamwambia mwanawe wafanye haraka, matatu za saa kumi hujaa.